Babu Yako Hakuulizwa

Agnesi mwanangu,

Mbukwa, nakuamkia. Wewe na mama yako mmekwenda kwa shangazi yako kuaga, na najua hamtarudi kabla jua halijashuka, maana shangazi yako hajapata kumaliza salamu tangu azaliwe. Nimebaki na ndama na karatasi. Kesho alfajiri tunateremka Gulwe, nikupandishe gari moshi la Wadachi, uende upande wa Dodoma kwa masista ukawasaidie katika nyumba ya wagonjwa. Njiani sitasema haya ninayoyaandika. Najijua. Nitakupigia soga za mizigo na za yule jamaa aliyekanyaga nyoka pale korongoni, na gari likipiga filimbi nitajifanya mchanga umeniingia jichoni. Kwa hiyo barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako, nawe utaisoma ukishafika.

Mambo ya chakula, ya nguo na ya kuwaamkia wakubwa, mama yako amekwisha kuyasema mpaka mbuzi wameyashika. Mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nalo ni lile ulilotusimulia juzi tukila.

Ulisema yule mama mzee anayewasaidia masista alipopita hapa alikufundisha kazi moja ya siri. Mgonjwa akizidiwa, unalowesha kitambaa, unampangusa paji la uso, na yale maneno ya ubatizo unayasema chini chini. Ulikuwa unang'aa uso mzima. Ukasema, "Baba, ndugu zake wamekaa pale pale, wanadhani nampoza homa tu, kumbe nimempa mbingu!" Mama yako akapiga makofi. Mimi nikasema naenda kumtazama ng'ombe mwenye mimba, nawe ukanitazama, kwa kuwa unajua mwaka huu hatuna ng'ombe mwenye mimba.

Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa. Nilisimama zizini nikiwa nimemshika yule dume mwekundu pembe, naye akashangaa nataka nini. Niliogopa kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo nimekwisha kukiona, katika tembe hii hii unamolala wewe, juu ya uso wa baba yangu.

Babu yako humkumbuki, ingawa ulikojoa mapajani pake zaidi ya mtu yeyote. Natamani ungemwona. Alikuwa mrefu, mwenye maringo, amejipaka udongo mwekundu, na tundu la sikio lake la kushoto lilikuwa pana hata akaweka humo kichupa chake cha ugoro. Akitaka kunusa alikichomoa sikioni pole pole, watu wote wasubiri, hata kama walikuwa katikati ya maneno mazito. Kwenye bao aliiba kete bila haya, na ukimshika alisema anaona vibaya, lakini mbuzi wake aliyepotea alimtambua akiwa ng'ambo ya bonde. Nilimpenda sana. Nilipokuwa mtoto nilifikiri kila kaya ina mtu wa namna ile, na nilipokua nikajua sivyo.

Kazi yake kubwa ilikuwa ya mvua. Mawingu yakichelewa, wazee wa huku walikusanyika kwetu, wakaenda naye kwenye makaburi ya wahenga na kondoo mweusi. Pale yeye ndiye aliyetia kinywani maji yaliyokorogwa na unga wa mtama, akayatema juu ya kaburi, akawaita waliolala kwa majina yao, mmoja mmoja. Kazi ile ilikuwa ya kinywa chake, kama ilivyokuwa ya kinywa cha baba yake. Nyumbani alikuwa na kelele nyingi, lakini asubuhi ya siku ile hakunena neno mpaka afike makaburini. Nilimfuata nyuma nimeshika kibuyu, na nilijiona mkubwa kuliko mtemi.

Sasa ndipo alipoingia Yohana. Alikuwa mwalimu wa dini, mapadre walimleta kufungua darasa upande wa pili wa kijito. Kijana wa makamo yangu, mwembamba, mpole, anacheka akiziba mdomo. Alikamatwa na wauza watu akiwa mdogo mno hata hakukumbuka kwao ni wapi, wala lugha yao, wala jina la baba yake. Mapadre wa pwani ndio waliomkomboa na kumlea. Alikuja kwetu siku ya kwanza kuomba maziwa, akarudi siku ya pili kuleta kibuyu, na siku ya tatu hakuwa na sababu yoyote. Alimwita babu yako "Baba," na babu yako akamzoea hata akaanza kunung'unika ikiwa amechelewa.

Jioni za wakati ule! Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, moshi wa mavi makavu unafukuza mbu, wewe umelala begani kwa mama yako, na Yohana anasimulia kutoka katika Kitabu. Babu yako alisikiliza kichwa kimeinama. Ile ya Yakobo na mbuzi wa mjomba wake, wenye madoa na wasio na madoa, aliitaka irudiwe kila mara. "Mtu huyu alikuwa Mgogo," akasema. "Nani mwingine angeweza kumla mjomba wake namna hiyo?" Tukacheka sote mpaka mbwa wakabweka. Kisha akamshika Yohana goti: "Haya, endelea. Mwisho wake ukawaje?" Hakupata kusema kwamba anaamini, wala hakusema kwamba ni uongo. Alikuwa anauliza tu, na kila jioni aliuliza zaidi kidogo.

Walikuwa wamefika kwenye habari za Yusufu. Ndugu zake wamekwisha kumwuza kwa wasafiri, baba yao ameletewa kanzu yenye damu, na mzee yule analia hataki kutulizwa. Usiku ule babu yako aliuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Yohana naye akafunga Kitabu, maana yeye mwenyewe alikuwa mtoto aliyeuzwa. Wakakubaliana kuendelea kesho yake.

Kesho yake babu yako aliamka na homa. Ilikuwa homa ya kuunguza kweli kweli. Hakututambua. Mara alimwita mama yake, mara aliwafukuza ndama ambao hawakuwapo. Tulimlaza ndani ya tembe, bibi yako akifukiza dawa, mimi nikikaa mlangoni. Yohana alikuja kila siku. Alimwosha, alimgeuza, alimnywesha uji, kazi ambazo hata mimi mwana niliona haya kuzifanya. Siku moja, tulipokuwa tumekata tamaa, nilimwona kwa macho yangu akilowesha kitambaa, akampangusa paji la uso, midomo yake ikicheza na machozi yakimtoka. Nikajua anamwomba Mungu wake. Nikamwambia ahsante, ndugu yangu.

Babu yako akapona! Nakumbuka siku aliyoomba maziwa ya mgando, akayanywa, akamtukana bibi yako kwamba amesugua kibuyu kwa majivu kidogo mno. Tulifurahi hata tukachinja. Yohana alicheza ngoma, hajui kucheza, watu wakamzomea kwa mapenzi. Nilitazama nikasema moyoni, hapa sina linalopungua.

Mvua zilipokaribia, wazee walikuja kwetu kama kawaida kupanga siku ya kondoo mweusi. Walikuwa wamekaa uwanjani, babu yako amechomoa kichupa chake, wote wanangoja, ndipo akatokea padre katika safari zake, na mwavuli wake, na Yohana nyuma yake. Padre yule hakuwa mtu mbaya. Alitabasamu toka mbali, akaja moja kwa moja kwa babu yako, akamshika mkono, akasema, "Abrahamu, mwanangu! Mungu amekurudishia uhai!"

Babu yako akageuka nyuma amtazame huyo Abrahamu. Hapakuwa na mtu nyuma yake, palikuwa na ukuta. Watoto wakacheka. Padre akaeleza kwa furaha, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba katika ugonjwa ule mzee alibatizwa, na sasa ni mtu wa Kanisa. Yohana alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mzee Chibago, aliyekuwa mkubwa katika wale wazee, akauliza, "Ulikubali lini?"

"Hata mimi nauliza," akasema babu yako.

Kisha akamwita Yohana karibu. Hakupaza sauti. Akamwambia, "Mwanangu, ulinipa kitu nikiwa nimelala?"

"Nilikupa zawadi, Baba. Zawadi kubwa kuliko zote."

"Zawadi hupokewa kwa mikono miwili. Mikono yangu ilikuwa wapi?"

Yohana alilia tu, akasema, "Niliogopa kukupoteza. Sina baba mwingine." Na ninakwambia, Agnesi, lilikuwa neno la kweli. Hakuwa na hila hata chembe. Alifanya vile kwa kuwa alimpenda.

Wazee walikwenda pembeni, wakanong'ona, wakarudi. Walisema hawana ugomvi na mtu. Ila kinywa cha babu yako sasa kimekwisha kukabidhiwa kwingine, na hawajui waliolala watakipokeaje, na mvua si jambo la kujaribia. Kazi ya makaburini wakampa mdogo wake. Babu yako aliwaambia, "Lakini mimi sikusema kitu." Chibago akajibu kwa huruma, "Twajua. Ndiyo maana hatujui la kufanya. Ungekuwa umesema, tungekuomba ulirudishe neno lako."

Mvua ikanyesha vizuri mwaka ule, na hilo ndilo lililomwuma zaidi. Alikaa barazani akiitazama inavyopiga udongo, watu wakimshangilia mdogo wake, naye hakuwa wa huku wala wa kule. Kanisani hakwenda, maana hakuomba kwenda. Makaburini hakwenda, maana alikatazwa.

Mimi nikafanyaje? Nikafanya la kijana. Nilichukua fimbo, nikamngoja Yohana kijitoni, nikamwambia asikanyage kaya yetu tena maisha yake. Jioni ile alikuja hata hivyo, akasimama nje ya boma la miiba, akasalimu kutoka kule, "Mbukwenyi!" Nikasimama mlangoni na fimbo yangu, nikawakataza watu wote wasiitike. Alikuja hivyo jioni nyingi. Kisha mapadre wakampeleka mbali, upande wa Kondoa, na habari tulizosikia baadaye ni kwamba alikufa huko kwa ndui.

Niliona nimefanya vema, na nilitaka kusifiwa. Nikangoja babu yako anisifu. Masika ilipita, tukavuna, ndipo siku moja tunapura mtama akaniuliza, "Wewe, nani alikutuma kumfukuza yule mtoto?"

Nikasema, "Nilikuwa nakutetea, Baba."

"Naye alikuwa ananiokoa," akasema. "Kati yenu wawili mimi sikupata nafasi ya kusema hata neno moja. Nilitaka kugombana naye mwenyewe. Nilitaka nimtukane mpaka nichoke, kisha akae chini, amalize."

Hakusema amalize nini. Mimi nilijua. Lakini Yohana alikuwa amekwisha kuondoka, na babu yako hakumwuliza mtu mwingine yeyote habari za Yusufu. Mwalimu mpya alipokuja akataka kusimulia, babu yako alichukua kigoda chake akaingia ndani. Alikuwa hataki tena kusikiliza kitu ambacho kingeweza kumchukua amelala. Alikufa hajui kama mzee Yakobo alimwona tena mtoto wake. Kila nikilikumbuka hilo roho inaniuma, na leo nalikumbuka kuliko siku zote.

Ndiyo sababu nilikwenda darasani mtu mzima mwenye ndevu, nikakaa na watoto, wakanicheka. Nilitaka kujua mwisho wake ukawaje. Nikasoma mpaka nikafika pale mzee anapoletewa magari ya Misri na moyo wake unazimia kwa kutosadiki, nikatoka nje nikalia nyuma ya shule. Ungedhani nimefiwa. Mwalimu akafikiri nimeokoka, akakimbilia maji. Nikamwambia, tulia kwanza, ndugu.

Jambo ninalolijutia, mwanangu, ni kwamba hatutajua kamwe. Jinsi alivyokuwa akiuliza jioni zile, pengine angefika mwenyewe. Pengine siku moja angechomoa kile kichupa, akanusa, akatungojesha sote, kisha akasema ndiyo. Au angesema hapana, akabaki na kondoo wake mweusi kwa amani, na Yohana angeendelea kuja kunywa maziwa. Lolote kati ya hayo lingekuwa lake. Yohana alimpa jibu kabla hajajibu, nami nikamfungia mlango kabla hajasema ufungwe, na sote wawili tulikuwa tunampenda.

Wewe haikuwa hivyo. Ulipotaka kubatizwa, mama yako alinijia akiwa na hofu, akaniuliza kama nakuruhusu. Nikasema, mwulizeni mwenyewe. Nikaja nikasimama nyuma kabisa na fimbo yangu. Padre akakuuliza mbele ya watu, ukajibu. Sauti ikakatika mara ya kwanza, ukakohoa, ukajibu tena hadi nikasikia kule nyuma. Sikuwa Mkristo, wala leo sijawa, lakini sijapata kujivunia kitu kama sauti ile. Nilikwenda nyumbani nikitembea peke yangu, nikiwasalimu hata watu nisioelewana nao.

Sasa unakwenda mahali watakapoletwa watu wa kila namna. Ataletwa Mgogo kutoka Chemba aliyepigwa pembe na ng'ombe, na ushanga wa wahenga mkononi. Ataletwa Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara, tasbihi yake imeshikwa hata katika usingizi. Wataletwa Wanyamwezi waliovunjika mifupa wakijenga reli, ndugu zao wako mbali na hawatajua wamelala wapi. Nawe utakuwa na kitambaa mkononi, na huruma nyingi, maana una moyo kama wa Yohana. Namjua mama yako aliyekuzaa.

Nimekaa kando ya wagonjwa wengi. Homa haimshiki mtu saa zote. Kuna asubuhi anafumbua macho, anaomba maji, anauliza kama ng'ombe wamekwenda machungani. Mwulize wakati ule. Mweleze unachokiamini kwa sauti yako ya kawaida, ndugu zake wasikie, wakitaka kubisha wabishe. Akikubali, hapo umempa kitu. Akikataa, mgeuze ubavu, mpe uji, usimpunguzie hata kijiko kimoja.

Utaniambia, "Baba, na yule asiyeamka?" Ulikwisha kuniuliza kwa macho juzi. Sijui, mwanangu. Mimi si padre. Lakini nimesoma humo humo katika Kitabu chenu jinsi Mungu alivyomwita yule mtoto Samweli usiku, mtoto asielewe, akakimbilia kwa mzee Eli, na Mungu akamwita tena, na tena, akangoja mpaka mtoto aitike mwenyewe. Nilipolisoma hilo nilimpenda Mungu huyo. Nikafikiri, huyu asingehitaji kitambaa cha siri. Ikiwa nimekosea, wewe ndiye msomi, nisahihishe ukirudi.

Sikukatazi. Nimekwisha kukuambia jinsi nilivyosimama mlangoni na fimbo, na sitamzuia mtu tena kwa fimbo ile. Utafanya lile dhamiri yako itakalokuambia, mbele ya Mungu wako na mbele ya hao wagonjwa. Ninataka tu uende ukijua uso mmoja uliopanguswa namna hiyo, na ulivyokuwa baadaye.

Nasikia sauti ya mama yako kijitoni, mnakaribia, kwa hiyo nimalizie lile linalonihusu mimi. Mama yako siku hizi akinisikia nakohoa ananitazama sana, kisha anautazama mtungi. Namjua, na kwa ajili ya mapenzi hayo simlaumu. Siku nitakapolala, watakuita, nawe utakuja. Wewe ndiye utakayekuwa na ujuzi, na watu wote watakuachia nafasi. Niite kwa jina langu nililopewa na baba yangu. Uniulize. Nikisema ndiyo, nimwagie maji mengi, yateremke hadi shingoni, na maneno uyaseme kwa sauti hata shangazi yako anyamaze. Nikisema hapana, maji hayo nipe ninywe, kisha ukae nami. Na ukinikuta siwezi kusema kitu, nishike mkono, mwanangu, lakini usinijibie.

Baba yako